Kiboko Aliyeonja Tu

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile ambazo wanyama walijenga nyumba, wakaoana na kusengenyana kama sisi, alikuwepo Kiboko aliyeitwa Mzee Kitwana. Alikuwa mnene. Nikisema mnene, msidhani ni unene wa mjomba wenu. Mzee Kitwana akikaa upande huu wa kitanda, mkewe Bi Mize alirushwa upande ule, pwaa!

Jirani yake alikuwa Pimbi, mdogo, hana mkia, amejibanza kwenye pango la jiwe. Pimbi hakulima wala hakupika. Alikuwa na akili, na akili ilimlisha.

Siku moja Mwanahija, binti wa Kiboko, alimjia akilia.

"Kaka Pimbi, mimi siolewi!"

"Mchumba amekukataa?"

"Hajanikataa. Daraja ndilo linalonikataa!"

Akamweleza. Wakwe walikaa ng'ambo ya korongo la mawe. Kwa mila ya viboko, baba wa bibi arusi lazima afike nyumbani kwa wakwe kwa miguu yake, amkabidhi binti mkono kwa mkono. Asipofika, hakuna ndoa. Na korongo lilikuwa na daraja moja tu, la magogo na kamba. Fundi wake, Nyani, alikuwa amempima Mzee Kitwana kwa jicho, akasema, "Mzee, ukipanda hapa, utafika chini kabla ya kufika ng'ambo."

"Arusi lini?" Pimbi akauliza.

"Bado miezi mitatu."

"Na baba anasemaje?"

Mwanahija akafuta machozi. "Baba anasema ana nia."

Na kweli alisema. Kila asubuhi Bi Mize alipoleta uji, Kiboko aligonga meza, pu! "Ondoa hicho! Mimi ni dume! Nina nia ya chuma!" Kijiji kizima kilisikia. Mwezi ukapita. Akaenda darajani, akaweka mguu mmoja tu. Krrr! Krrr!

"Shuka, Mzee, shuka!" Nyani akapiga kelele. "Umezidi!"

"Ni mifupa," Kiboko akasema. "Kwetu tuna mifupa mizito."

Pimbi hakuiamini hiyo mifupa. Kesho yake akamfuata nyuma nyuma.

Kiboko alifika kwa Mama Nguruwe, akawakuta wanakula mihogo ya nazi.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee, karibu chakula!"

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile, ukikaribishwa chakula ukaondoka bila kutia mkono, umewatukana wenye nyumba. Lazima uonje.

"Mimi sili, nina nia," Kiboko akasema. "Naonja tu, nisiwavunjie heshima." Chop! Nusu ya sinia ikaenda. Akaaga vizuri, akaelekea kwa Bwana Nyati. Huko kulikuwa na maharage. "Naonja tu." Chop, chop! Halafu nyumba ya tatu, ya nne, ya tano. Hadi adhuhuri alikuwa ameonja nyumba saba, na kidevu chake kimeloa tui.

Pimbi akajitokeza kichakani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, kijana."

"Leo umekula?"

"Tangu asubuhi sijala kitu! Kamuulize Bi Mize."

"Na kwa Mama Nguruwe?"

"Kule nimeonja. Kuonja si kula, kijana. Hukufundishwa adabu kwenu?"

Na hakuwa anadanganya, masikini. Aliamini kabisa. Pimbi alimwonea huruma, yeye na binti yake. Tena alisikia njaa, maana mihogo ile ilinukia vizuri mno. Huruma na njaa vikakutana, hila ikazaliwa.

Jioni hiyo akaenda kwa Mama Nguruwe.

"Mama, ni nyumba gani Mzee Kitwana huonja zaidi?"

"Hapa kwangu!" Mama Nguruwe akajivuna. "Mihogo yangu haina mpinzani."

"Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Kumbe hujasikia? Kwa mila ya viboko, nyumba aliyoonja zaidi baba wa bibi arusi ndiyo inayopika karamu. Wageni mia mbili. Viboko watupu."

"Mama yangu wee!" Sufuria ikamtoka mkononi, kong'oo! "Sasa nifanyeje?"

"Akija, asikute chakula. Asichokikuta hatakionja."

"Na pua ile yake? Inanusa hadi kilichofukiwa!"

"Leteni masufuria kwangu. Kwenye pango langu hata hiyo pua haipiti. Nitawalindia, bure kabisa."

Pimbi akaenda kwa Nyati, akasema hayo hayo. Akazunguka nyumba zote saba. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, njia ya kwenda pangoni ilijaa masufuria yanayotembea vichwani.

Kiboko akafika. "Hodi!"

"Karibu, Mzee! Tumeshakula, hata ukoko haukubaki."

Kwa Nyati: "Leo tumefunga." Nyumba ya tatu: "Moto umetuzimikia." Kiboko akatembea, akapanda kilima, akashuka, akajaribu kijiji cha pili. Habari za wageni mia mbili zilishamtangulia huko pia. Akarudi nyumbani vumbi tupu, Bi Mize akampa bakuli la mchicha na kipande cha boga. Alikula kama sultani.

Ikawa hivyo kila siku. Kikoi ambacho hakikumzunguka, sasa kikamzunguka na ncha ikabaki. Siku ile Bi Mize alipolala kitandani bila kurushwa, alicheka hadi akalia.

"Umeona nia, Mama Mwanahija?" Kiboko akatamba. "Umeiona?"

Na Pimbi je? Pimbi alikuwa amelala katikati ya masufuria. Mwanzoni alijikatia kidogo, ujira wa mlinzi. Baadaye akaongeza kidogo, ujira wa mlinzi wa usiku. Kila alipoona tumbo lake linavimba alijiambia, "Kesho naacha." Kesho ilipofika, ilikuja na vitumbua.

Siku ya arusi, kijiji kizima kilisimama kando ya korongo. Kiboko akaweka mguu wa kwanza. Krrr. Wa pili. Kwi, kwi. Mwanahija alifumba macho, akashika mkono wa mama yake. Magogo yakapinda, kamba zikalia, Nyani akauma kucha zake zote. Kisha, puu! Mzee Kitwana alikuwa ng'ambo, juu ya udongo mgumu. Vigelegele vikapasuka, wengine wakavuka nyuma yake mmoja mmoja, binti akakabidhiwa mkono kwa mkono, na ndoa ikafungwa.

Laiti angenyamaza hapo! Lakini alisimama kuhutubia.

"Ndugu wageni, wembamba ni nia tu! Mnene yeyote ni mvivu wa moyo. Nimtazame nani? Nikutazame wewe, Mama Nguruwe."

Mama Nguruwe akaruka kutoka kwenye mkeka. "Nia? Nia gani? Masufuria yetu yalikuwa kwa Pimbi miezi miwili! Alituambia ukionja kwetu tutapika karamu! Na karamu yenyewe wamepika wakwe!"

Macho yote yakamtafuta Pimbi. Alikuwa anajaribu kupenya chini ya meza, lakini alikwama katikati ya miguu ya meza, mviringo kama boga. Nyati akamvuta, pop!

"Ulinidanganya?" Kiboko akanguruma.

"Nilikudanganya, Mzee."

"Baba, usimpige," Mwanahija akasema. "Mimi ndiye niliyemwendea."

Kiboko akaona aibu hadi masikio yakalegea. "Kwa hiyo nia yangu... haikuwepo?"

"Ilikuwepo, Mzee. Kila asubuhi niliisikia hadi pangoni. Ila ikiona mihogo ya nazi, inazimia." Pimbi akajipiga tumbo. "Usinicheke. Yangu mimi ilikufa siku ya tatu."

Bi Mize ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wageni, na mwisho Kiboko mwenyewe, hadi mikeka ikatetemeka.

Hapo mkwe akaleta sinia la pilau, mvuke unapanda, akaliweka mbele yake. "Karibu, Mzee. Hata kuonja tu."

Vicheko vikakatika. Pua ya Kiboko ikafunguka, ikafungika. Mkono ukainuka wenyewe. Pimbi akanyoosha shingo aone.

"Mkwe," Kiboko akasema, polepole, bila kugonga kitu, "nipakulie sahani moja, ndogo. Sinia lipelekeni kule kwa vijana, nisilione. Nikiliona nitalimaliza."

Hakuna aliyeona ametukanwa. Sinia likabebwa, Pimbi akalisindikiza kwa macho, kisha akalisindikiza kwa miguu.

Basi, wanangu, lishikeni hili: nia ni jambo jema, ila kwanza iondolee sufuria mbele yake.