Sajini Mbithi na Mianzi Isiyojua Gwaride

Mrefu huomba nafasi, mfupi huanza kazi. Ninyi wa kidato cha kwanza mmeisikia methali hii leo bwaloni, kiranja mkuu, yule mrefu, aliponaswa magoti chini ya meza na mfupi mmoja akaiwahi sufuria ya maharagwe. Mmecheka bila kujua mnachokicheka. Kaeni chini hapa bwenini, wazee wenu wa kidato cha nne tuwafunze.

Methali hii ilianza hivi.

Wakati wa vita vya Bama, kule Asia, kikosi kimoja cha askari wetu kilikuwa na Sajini Mbithi, mrefu kama mlingoti wa bendera, na bunduki yake ndefu yenye singe, kile kisu cha bunduki, mdomoni. Kila alipotaka kuigeuza alinguruma, “Nafasi!” Watu wote wakarudi nyuma hatua mbili.

Alikuwapo pia Koplo Mghanga, mfupi, mbebaji wa redio. Mzigo ule ulimchukua mgongo na mkono mmoja, hivyo akapewa bastola tu. Siku ya mazoezi ya shabaha, kwa hatua hamsini, alikosa risasi zote sita. Moja ilitoboa sufuria ya mpishi.

“Koplo,” Sajini akamwambia mbele ya wote, “siku ya vita bastola hiyo usiipige. Irushe. Huenda ikamwumiza mtu.”

“Ndiyo, Afande. Nitaanza na mpishi.”

Basi wakaenda doria, wakaingia kwenye mianzi iliyosongamana hata mtu hupita kwa ubavu. Mara adui akachomoka kushoto na upanga mkononi, umbali wa kitanda hiki na sanduku lile. Sajini akageuza bunduki. Singe ikagonga mwanzi. Akaigeuzia upande wa pili, kitako kikanasa.

“Nafasi!” akanguruma.

Mianzi haikurudi nyuma. Haikuwa imewahi kuhudhuria gwaride. Upanga ulikuwa umeshainuliwa.

“Afande, inama!” Mghanga akapaza sauti.

Sajini Mbithi, ambaye hakuwahi kumwinamia mtu, akainama. Bastola ilitoka kiunoni kwa Mghanga kama kijiko mfukoni mwa mwanafunzi. Risasi ya kwanza ilipata mwanzi, kwa kuheshimu desturi. Ya pili ilimpata adui begani. Upanga ukaanguka, mwenyewe akatokomea msituni.

Sajini alikaa chini akijipapasa shingo, kuhakikisha kichwa bado ni chake.

“Koplo, mbona hukuirusha?”

“Mpishi hakuwepo, Afande.”

Sasa msije mkaidharau bunduki. Kwa hatua mia, uwanjani, ile ndefu ni mfalme na bastola haitishi hata kunguru. Lakini msituni adui hakungoji hatua mia. Anakuja hadi puani, na hapo silaha bora ni ile inayogeuka.

Kapteni wa kikosi alipouliza redioni kuna nini, Mghanga alinyoosha mkono kujibu. Sajini akamnyang’anya redio, akakohoa, akatoa taarifa fupi kuliko zote za vita vile:

“Mrefu huomba nafasi, mfupi huanza kazi.”