Zimwi Aliyeiba Ufinyanzi

"Mapatano ni mapatano!" Mwamvua mfinyanzi alimfokea Zimwi, aliyemmeza dada yake. "Chungu changu kikiiva, unamtapika!"

"Utafinyanga na nini, bibi wee? Kome lako, hilo gamba la kusawazishia vyungu, nimeliiba. Ujuzi wote sasa ninao mimi!"

Tazameni jinga hili, jamani! Zimwi akafinyanga chungu, akakipulizia moto wa kinywani kikiwa kibichi. Paa! Kikapasuka. Akarudia, paa! Akarudia, paa!

Mwamvua akafinyanga kwa viganja vitupu, akakiweka chungu kivulini hadi unyevu ukaisha.

"Haya, puliza."

Zimwi akapuliza kwa hasira zake zote. Chungu kikaiva, kikawa chekundu, ukikigonga kinalia ngo!

"Hilo la kusubiri mbona halimo kwenye kome?" Zimwi akalalama.

"Limo kichwani mwangu, nawe hukuniomba nikufundishe. Mtoe dada yangu."