Kinyozi wa Jumbe na Neno la Ruhusa

Hapo zamani, wakati kila mji wa pwani ulipokuwa na jumbe wake, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Jumbe Makungu, mwenye ndevu ndefu alizozifukiza udi asubuhi na jioni, na kuzipapasa kila alipotaka kusema neno. Hakuwa mkatili. Hakumpiga mtu wala hakumnyima mtu chakula. Ila nyumbani mwake palikuwa na ada moja iliyowachosha watu kuliko fimbo: mtumishi hakuwa na ruhusa ya kuweka kazi yake chini mpaka Jumbe mwenyewe aseme, "Yatosha." Na Jumbe alikuwa msahaulifu.

Basi ikawa mfagiaji akimaliza ua anaanza upya, hata ua ule ukabonyea kama sinia. Mwosha vyombo akaosha vyombo vilivyo safi mpaka maua ya sahani yakafutika. Bawabu akajifunza kulala wima, ameuegemea mkuki wake. Watu wakakonda, wakawa wakali kwa watoto wao siku walizobahatika kuwaona, naye Jumbe akiwatazama kutoka darini akifurahi kwamba Mungu amemjalia watumishi wachapakazi.

Mpishi wa nyumba ile aliitwa Mize, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike aliyemwacha kwa jirani. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha, Mize alisinzia mbele ya jiko, mkono wake ukaangukia makaa. Kaka yake, Shaame, alipokwenda kumfunga kidonda alimkuta anakoroga sufuria kwa mkono wa pili, machozi yanamtiririka. Mize akamwambia kuwa si kidonda kinachomliza. Juzi alichomoka mara moja kwenda kumchungulia mwanawe, na mtoto alipomwona akakimbilia nyuma ya jirani, akimwita yule jirani mama.

"Idi iliyopita sikuwa naye," akasema Mize. "Na hii nayo, kaka, itanipita."

Shaame huyo alikuwa fukara wa kanzu moja, na mji mzima ulimhesabu punguani. Aliwahi kuajiriwa kuwinga kunguru shambani, mbuzi wakala mpunga wote mbele ya macho yake. Alipoulizwa, akajibu kwamba kunguru hata mmoja hakutua. Lakini alimpenda dada yake kupita kiasi, na siku ile alitoka jikoni akiwaza jinsi ya kumpatia ruhusa.

Ikawa kinyozi wa Jumbe naye amelala kwake hoi, hawezi kuinua wembe. Shaame akaenda kuuazima, na siku ya mwisho ya mfungo, baada ya swala ya alasiri, akajihudhurisha kwa Jumbe, ambaye alikuwa anataka kunyolewa kichwa kwa ajili ya Idi. Kadhi wa mji alikuwapo, amekuja kwa mazungumzo ya swala ya kesho.

Shaame akainama, akasema, "Bwana wangu, akili yangu fupi, basi niambie mapema, na Kadhi akisikia. Nikimaliza kichwa, niondoke?"

"Huondoki," akajibu Jumbe, akipapasa ndevu. "Katika nyumba hii hapana awekaye chini kazi yake mpaka niseme yatosha."

"Hata nikiona kazi imekwisha?"

"Kwisha kwa kazi nakujua mimi, si wewe."

Shaame akasema amesikia, akaanza. Maji yalikuwa vuguvugu, saumu ilikuwa imemlegeza Jumbe, na kabla nusu ya kichwa haijang'aa bwana mkubwa alikuwa anakoroma. Kichwa kikaisha. Shaame akakohoa, akamwambia kwa adabu kwamba kichwa kimekwisha, akajibiwa kwa mkoromo. Hapo akasita, maana alijua ndevu za jumbe huweza kumgharimu mtu shingo. Akaukumbuka mkono wa Mize. Akamtazama Kadhi, na Kadhi akatazama dari, tasbihi ikimwenda mbio vidoleni.

Basi Shaame akaziingia ndevu. Zilipokwisha akahamia masharubu, na masharubu yalipokwisha akauondoa unyusi wa kulia.

Upepo ukapita dirishani, Jumbe akahisi baridi mahali asipopazoea. Akainua mkono kupapasa ndevu, mkono ukapapasa hewa.

"Ndevu zangu ziko wapi?"

"Ziko mkekani, bwana," akasema Shaame, huku wembe ukivuka kwenda upande wa kushoto.

"Ni nani aliyekuamuru uzinyoe?"

"Hapana aliyeniamuru, bwana. Ila hapana aliyeniamuru niache. Kichwa kilipokwisha nilikuarifu, ukakoroma, na kwisha kwa kazi wakujua wewe."

Jumbe akamgeukia Kadhi, naye Kadhi akasema kwamba yeye ni shahidi, na kinyozi angekuwa na kosa kama angeacha. Jumbe akaapa kumkata Shaame kichwa. Shaame akamjibu kwa upole kuwa yu tayari, ila kwa sasa mikono yake ina kazi, na baada ya unyusi anaziona kope. Jumbe alipousikia ubaridi wa chuma karibu na jicho, akapaza sauti ambayo nyumba ile haijapata kuisikia.

"Yatosha! Yatosha!"

Sauti ikatoka dirishani, ikashuka uani. Mfagiaji akauweka ufagio. Mwosha vyombo akakung'uta mikono. Bawabu akauegemeza mkuki ukutani, akaenda zake na lango wazi. Hapana aliyeuliza ni nani aliyeambiwa. Mize akaepua sufuria, akaifunika, akajitanda kanga na kutoka.

Jumbe akaita aletewe kioo, asije mtu. Shaame akampa kile cha kinyozi.

"Nafanana na nini?" akauliza.

"Na yai, bwana," akasema Kadhi, "lililokasirika upande mmoja."

Jumbe akajitazama tena, na kicheko kikamshika mpaka akashikilia mbavu. Kilipomwachia, akasikia nyumba ilivyo kimya, akauliza kama kweli watu walikuwa wamechoka kiasi hicho. Hapo Shaame aliacha mzaha, akamweleza habari ya Mize na mtoto. Jumbe akaona haya, akazitafuta ndevu za kujifichia asizione. Magharibi ilipoadhiniwa alikwenda jikoni mwenyewe kujipakulia futari, akajiunguza kidole, akakaa nacho mdomoni muda mrefu.

Siku ya Idi alitoka na kilemba mpaka machoni na shali mpaka puani, akatangaza kwamba neno la ruhusa litasemwa kila siku kwa adhana ya alasiri, nalo atalisema Shaame, kwa sababu kumbukumbu yake mwenyewe haiamini tena. Akamtunukia kanzu ya pili na nyumba ya kukaa.

Na Mize siku hiyo alikaa kizingitini kwa jirani, hakumwita mtoto. Mtoto alimtazama kwa mbali, akasogea kidogo, akasogea tena. Adhuhuri haijafika alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, ameushika ule mkono uliofungwa kitambaa.

Ndevu za Jumbe ziliota baadaye, ingawa si kwa urefu ule. Nami nimewasimulia muda wote huu na hapana aliyeniruhusu kunyamaza, basi najiambia mwenyewe: yatosha.