Simbamarara Autafuta Mji wa Kicheche

Paukwa!

— Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, hii si hadithi ya kulalia. Paukwa!

— Pakawa! Twambie!

Zamani za kale huko Uchina alitawala Simbamarara. Ghala lake lilifurika mtama, na bado aliitaka nyika ya kaskazini. Huko nyikani aliishi Kicheche na jamaa zake. Kila mavuno walishuka, fyu! wakakwapua mtama, fyu! wakatoweka.

"Nitauchoma mji wake!" akanguruma Simbamarara. "Punda wote wabebe chakula cha jeshi!"

Mama Punda akapiga magoti. Vita vilishamla mumewe, amebakiwa na mwana mmoja tu. "Mtukufu, Kicheche hana mji. Nyumba yake ni ya ngozi, huikunja akahama nayo. Niachie mwanangu."

"Nani asiye na mji? Mwanao atarudi."

Wakaenda, kwata kwata kwata. Wakakuta majivu ya moto. Kicheche yuko kilimani: "Shikamoo, mfalme! Mji wangu uko mbele kidogo tu!"

"Twende!"

Wakaenda, kwata kwata kwata. Punda wakabeba mtama, punda wakala mtama, askari wakala mtama. Wakakuta majivu ya moto.

"Mji wangu uko mbele kidogo tu!"

"Twende!"

Wakaenda mpaka theluji ikawafika magotini na magunia yakawa matupu. Wakakuta majivu baridi, na kilimani hakuna mtu. Kicheche alishazunguka nyuma yao, akalikomba ghala lote la mfalme.

Simbamarara njaa ikamuuma. Akamwita mwana wa Punda. "Mtama wangu uko wapi?"

"Tumeula njiani, Mtukufu."

"Basi umo tumboni mwako."

Akamla. Nasema akamla, na kusema tu kunaniuma.

Akarudi na ngoma, ndi! ndi! ndi! "Tumeshinda! Adui amenikimbia njia nzima!"

Mama Punda akapita kati ya waliorudi, akiwanusa mmoja mmoja. "Mtukufu, mwanangu yuko wapi?"

"Amekufa shujaa. Sasa ghala limeibwa, lazima turudi vitani. Magunia yake utabeba wewe."

Ngano yangu imekoma hapo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda akamshtaki mfalme.

Na funzo, watoto: wizi ni mbaya. Kicheche ni mwizi, msimwige. Simbamarara hakumwibia mtu. Alikula mtama wake mwenyewe.