Mgogoro wa Lambakidole

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani hii ambayo simu zilikuwa zimeanza kuwa janja kuliko wenye nazo, paliishi Korogwe kijana mmoja aitwaye Singano. Ukimuuliza kazi yake, alijibu bila kupepesa jicho, "Mimi ni mwekezaji wa majina."

Hakuwa na duka, hakuwa na shamba, hakuwa hata na meza ya kuuzia karanga. Alikaa barazani kwa baba yake akiwaza ni jina gani watu watalitaka kesho, kisha akaliandikisha leo kuwa anwani ya tovuti, mali yake yeye. Aliandikisha jina la hoteli ambayo haijajengwa, na haikujengwa. Aliandikisha jina la mwimbaji ambaye hajavuma, na hakuvuma. Aliandikisha jina la mgombea, mgombea akaanguka. Majina yakamwozea mikononi kama mapapai, naye kila mwaka anayalipia ada.

Singano alikuwa na shangazi, Bi Mwajabu, na Bi Mwajabu alikuwa na achari. Achari ya embe na ndimu, ambayo aliyeionja mara moja alirudi na bakuli. Wateja wenyewe ndio walioipa jina la Lambakidole. Harusi bila Lambakidole, watu wa Korogwe walisema, hiyo ni mkutano tu.

Siku moja Singano akamwendea. "Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Shangazi, jina la achari yako tuliandikishe. Liwe alama ya biashara, na tovuti pia. Mjini kuna watu wabaya."

Bi Mwajabu akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Nani hapa asiyejua Lambakidole ni yangu? Niandikishe ili iweje, nisijisahau? Nenda ukatafute kazi, baba."

Singano akatoka amenuna. Siku hiyo hiyo akaiandikisha anwani ya Lambakidole kwa jina lake mwenyewe. Alijiambia anamwekea shangazi amana. Alijiambia pia kwamba ipo siku atatokea tajiri. Mawazo hayo mawili yakakaa moyoni mwake bila kugombana, kama wapangaji wasiosalimiana. Akatengeneza ukurasa mmoja, picha ya chupa ya achari, na chini yake maneno: "Jina hili linauzwa."

Tajiri akatokea. Alikuwa Bwana Mbwana, mfanyabiashara wa Tanga mjini, aliyetaka aitwe Mkurugenzi hata na mkewe. Aliionja Lambakidole harusini, akaanza kuinunua kwa ndoo na kuiuza kwao. Baadaye akamletea Bi Mwajabu friji kubwa, akamwomba amfundishe mapishi. Bi Mwajabu, mgongo ukimuuma wakati ule, akamfundisha, tena akasema mbele ya majirani, "Sasa Lambakidole anayo Mbwana. Mimi nimechoka."

Mbwana hakungoja aseme mara ya pili. Akaenda kwa msajili wa alama za biashara, akaiandikisha Lambakidole kihalali kabisa. Tangazo likatolewa, muda wa pingamizi ukapita. Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna aliyesoma. Akafungua kiwanda, akaajiri wanawake, wengi wao wajane, na Lambakidole ikafika mpaka maduka ya Dodoma.

Mgongo wa Bi Mwajabu ulipopoa, akarudi jikoni. Mbwana akampigia simu. "Mama, wewe pika tu, nani atakukataza? Ila usiiite Lambakidole. Hiyo ni alama yangu."

Bi Mwajabu akakaa kitako karibu na friji yake kutwa nzima.

Kisha Mbwana akataka na tovuti, akakuta ina mwenyewe. Wakili wake akamwandikia Singano kwamba ameivamia alama ya watu na atashtakiwa. Singano alipoisoma barua ile aliogopa, lakini pia alijisikia mtu mkubwa. Hajawahi kuandikiwa na wakili! Akaizungusha kwa majirani wauone muhuri. Kisha akamjibu Mbwana kwa heshima zote: "Mkurugenzi, karibu tuzungumze bei."

Hawajakubaliana bei, balaa likaingia. Kiwandani kwa Mbwana oda zilikuwa nyingi, achari ikajazwa chupani kabla ya kuiva, tena katika chupa zisizokaushwa. Chupa zenye vifuniko vyekundu zikavimba. Watu wakaanza kutapika, mtoto mmoja akalazwa. Walioitafuta Lambakidole mtandaoni walikuta ukurasa mmoja tu, wa Singano. Wakamwandikia, wakamlaani, wakamuuliza wafanye nini.

Mbwana akapiga simu, sauti imelainika. "Mdogo wangu, nyamaza kwa wiki moja tu. Nikusanye mzigo wangu kimya kimya. Bei yoyote utakayotaja, nakulipa."

Singano alikuwa ameingoja sentensi hiyo maisha yake yote. Akakata simu. Akawaza yule mtoto. Akaandika kwenye ukurasa kwa herufi kubwa: "Chupa za kifuniko chekundu, msile!"

Watu wakamwaga achari. Hakuna aliyekufa.

Lakini chini ya onyo akaongeza: "Lambakidole halisi ni ya Bi Mwajabu, agiza hapa." Oda zikamiminika kwa shangazi, na kwenye kila oda Singano akajikatia fungu lake bila kumwambia. Na yale maneno "Jina hili linauzwa" hakuyaondoa.

Mbwana akafungua mashtaka ya kuidai tovuti. Msuluhishi wa migogoro ya majina, mama mmoja mkavu aitwaye Eliwaza, akawaketisha wote watatu ukumbini.

Mbwana akasema, "Sheria inanitambua mimi. Alama ni yangu, cheti ninacho. Nimeitoa achari kwenye sufuria moja nikaifikisha nchi nzima. Tovuti ikienda kwa mwingine, kiwanda kinakufa, na wajane wangu wanarudi nyumbani."

Akasema kweli. Msuluhishi akamuuliza, "Na ulipomwomba huyu anyamaze, ulikuwa unawalinda wajane au vifuniko?"

Bi Mwajabu akasema, "Mimi ndiye niliyeipika kabla yao wote. Mbwana nilimpa mapishi, sikumpa jina."

Akasema kweli. Msuluhishi akamuuliza, "Na mbele ya majirani ulisema anayo nani?"

Singano akasema, "Mimi niliandikisha anwani kabla Mbwana hajaandikisha alama. Nilimwonya shangazi, hakusikia. Watu walipotapika, wenye jina wote wawili walikuwa kimya, mimi nikasema. Nimekataa utajiri, mama msuluhishi."

Akasema kweli. Msuluhishi akamuuliza, "Na hilo tangazo la kuuza lipo bado?"

"Lipo," akasema Singano.

Msuluhishi akaingia chumbani kuandika hukumu. Nje, Singano akamnunulia shangazi yake chai. Bi Mwajabu aliishika, hakuinywa. "Baba," akamwambia taratibu, "jina langu uliniwekea, au uliniwinda?"

Singano akageuka kuutazama mlango wa msuluhishi.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, msiniambie wagawane. Anwani ya tovuti haikatwi vipande kama mkate, inapewa mtu mmoja, na wawili wanarudi mikono mitupu. Yuko aliyeipika akaitupa kwa mdomo wake. Yuko aliyeikuza kwa sheria akawatapisha watu. Yuko aliyeokoa watu kwa jina ambalo hakulitolea jasho, huku akilitafutia mnunuzi. Mlango wa msuluhishi unafunguliwa. Haya, semeni upesi: kati yao, nani apewe Lambakidole?