Baiskeli ya Zamu

Ndugu zangu, leo nimewaletea baiskeli. Msigeuke kutazama mlangoni, haiko huko. Iko mdomoni mwangu, nami naomba mnivumilie mpaka niifikishe.

Dada mmoja na mdogo wake wa kiume walikaa uwanja mmoja na mama yao, nyumba zao mbili zikitazamana. Marehemu baba yao aliwaachia baiskeli moja, ile ya gia, akausia waitumie kwa zamu: leo huyu, kesho yule. Dada alioka mikate na kuipandisha mlimani kwenye shule ya bweni. Mdogo wake alilima vitunguu bondeni, akienda na njia ndefu ya tambarare huku pampu ya kumwagilia imefungwa kwenye keria. Mmoja mlima, mwingine tambarare. Shikeni hilo.

Mnaijua baiskeli ya gia? Kwenye gurudumu la nyuma kuna sahani za meno zilizopangwa pamoja, kuanzia kubwa hadi ndogo. Mnyororo ukikaa kwenye sahani kubwa, unapanda mlima bila kutoa ulimi nje. Ukikaa kwenye ndogo, unakata mbuga. Kinachouhamisha ni kimkono cha chuma kinachoning'inia nyuma, chenye vigurudumu viwili vidogo, nacho huvutwa na waya unaotoka kwenye usukani. Kimkono hicho kikichakaa, mnyororo haujui uende wapi.

Nacho kilichakaa. Dada akanunua kipya, akasema atakifunga mwenyewe.

Alikuwa mtu wa kutaka kujua. Redio ikikohoa, yeye aliifungua. Saa ya ukutani ilikwisha kupita mikononi mwake, ikarudi ukutani ikitembea. Basi akakaa chini ubavuni mwa baiskeli, akakifunga kimkono kwenye kishikio, yaani ile pembe ya fremu yenye tundu. Akapitisha mnyororo kati ya vile vigurudumu viwili. Akarekebisha skrubu mbili ndogo zinazouzuia mnyororo usiangukie kwenye spoki wala usitokee nje. Akauvuta waya, akaukaza. Kisha akawa anazungusha pedali kwa mkono, anabadili gia, anategea sikio. Ukitoka mlio wa kukwaruza, anakizungusha kidogo kikazio cha waya na kusikiliza tena. Alitaka sana sahani kubwa ziwe sawa, maana huko ndiko mlima wake ulikokuwa. Zikawa sawa. Kesho yake alipanda mpaka shuleni na kreti la mikate, na mnyororo haukutoa hata mguno.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya mdogo wake. Alirudi akiikokota.

"Dada, umenitegea mtego?"

"Mtego gani tena?"

"Mnyororo unaruka kama panzi! Tazama goti, limegonga usukani."

"Jana nimepanda nayo mlima mzima, imetulia kabisa."

"Basi wewe una baiskeli yako na mimi nina yangu, ila zimefanana rangi."

Mama yao alikuwa mlangoni akipepeta mchele, akacheka. "Baba yenu aliipanda mpaka uzeeni, sikumsikia hata siku moja akigombana nayo."

Yule mdogo mtu naye hakuwa mvivu wa mikono. Akachuchumaa ubavuni, akakizungusha kikazio mpaka sahani zake ndogo, zile za tambarare, zikatulia. Akaridhika, akaenda kulala.

Asubuhi dada akashika njia ya mlima. Katikati ya mwinuko akabadili gia, mnyororo ukakataa kukaa kwenye sahani kubwa. Ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukaruka. Akateremka na kusukuma. Mikate ilifika kengele imekwisha kulia, na matroni akamwambia bila kumtazama usoni, "Wameshakula uji mtupu. Ikitokea tena, tutatafuta mwokaji mwingine."

Sasa tuelewane. Kwa dada huyu, shule ile ndiyo iliyowalisha watoto wake. Na kwa mdogo wake, vitunguu visiponyweshwa asubuhi, jua halina huruma. Haikuwa michezo.

Dada akarudi akiwaza: nimeiacha nzima, nimeikuta mbovu, na kati yangu na mimi yuko mtu mmoja tu. Je, hapo amekosea? Wewe ungewaza nini? Akatafuta ushahidi. Akairekebisha upya kwa ajili ya mlima, halafu akachukua rangi ya kucha nyekundu, akatia nukta ndogo juu ya kikazio cha waya. Zamu ya mdogo wake ilipopita, akainama kutazama. Nukta ilikuwa imehamia upande wa pili.

"Umekigusa kikazio."

"Nimekigusa."

"Kwa hiyo unakiri!"

"Nakiri nini? Nimekikuta kimeharibika, nikakitengeneza."

"Nilikuachia kizima!"

"Kizima kwako, bibie. Mimi ningepanda nini, huo uzima wako?"

Ndugu zangu, hebu tuwe mahakimu kidogo. Nani kati yao alikuwa mwongo? Dada alisema ameiacha nzima, na ni kweli. Mdogo wake alisema ameikuta mbovu, na ni kweli. Ushahidi upo, mwekundu, unaonekana. Na ushahidi ule ulikuwa wa kweli, lakini haukumfikisha mtu popote.

Mambo yakakua. Walianza kwa kutosalimiana asubuhi. Wakaja kutopeana moto. Siku moja kijana, yule mdogo mtu, akaleta miti ya mkaratusi, akaanza kuchimba mashimo katikati ya uwanja, mstari mmoja kutoka choo hadi barabarani. Anajenga uzio. Kila mtu na upande wake, na baiskeli iuzwe.

Mama akasimama kando ya shimo la kwanza. "Mkimaliza," akasema, "mnijulishe niwe naingilia upande wa nani." Akarudi ndani.

Neno lile lilimchoma dada. Lakini niwaambie ukweli, hakutolewa nje na huzuni. Alitolewa na udadisi. Kuna jambo lilikuwa likimwasha kichwani kama upele. Mdogo wake alimjua tangu akibebwa mgongoni: mkaidi, ndiyo, mwenye maneno, ndiyo, lakini mtu wa kuharibu kitu kwa makusudi, hapana. Na yeye mwenyewe alijijua hakuharibu. Kama hakuna aliyeharibu, kwa nini inaharibika?

Jumapili alasiri akaitoa baiskeli, akaisimamisha mbele ya yale mashimo.

"Wewe, weka chini hilo jembe. Njoo uitengeneze."

"Ili uniwekee rangi nyingine?"

"Itengeneze hivyo unavyoita nzima. Mimi nitazame tu, sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?" Akamtazama kama aliyeambiwa mvua inatoka ardhini. Lakini akaja.

Akachuchumaa, akazungusha, akasikiliza. Sahani ndogo zikawa laini kabisa. Dada akatikisa kichwa kukubali.

"Vizuri. Sasa peleka kwenye kubwa."

Akapeleka. Krrr, krrr, mnyororo ukaruka. Kijana akakunja uso.

"Nipishe," dada akasema. Akakizungusha kikazio mpaka sahani kubwa zikatulia. "Haya. Rudisha kwenye ndogo."

Zikaruka. Krrr.

Wakarudia tena. Huyu akitengeneza huku, kule kunaharibika. Yule akitengeneza kule, huku kunaharibika.

"Kumbe ulikuwa unaikuta mbovu kweli," dada akasema.

"Na wewe ulikuwa unaiacha nzima kweli," akajibu mdogo wake. Kisha akaona aibu ya kukubali upesi hivyo, akaongeza, "Lakini rangi ya kucha, dada! Kama polisi!"

Dada akacheka, japo hakupenda. "Shika kiti chake uinyanyue nyuma," akasema, "uzungushe pedali taratibu."

Akanyanyua, akazungusha. Na kwa kuwa mikono ya dada sasa haikuwa na kazi, miguu yake ikapata uhuru. Siku zote alikuwa amekaa ubavuni, kwenye waya, mahali anapokaa mtu anayetengeneza. Mdogo wake vilevile. Safari hii akazunguka nyuma, akachuchumaa, akatazama gurudumu kutokea mgongoni mwake.

Sahani za meno zilisimama wima. Lakini kile kimkono kilichokuwa chini yake, na vigurudumu vyake viwili, kiliegemea ndani, kama mtu aliyesinzia kanisani. Akasogeza uso karibu. Kimkono kilikuwa kipya, kimenyooka. Kilichopinda ni kile kishikio, ile pembe ya fremu iliyokibeba.

"Mdogo wangu, njoo uone. Mimi nitashika."

Wakabadilishana. Kijana akatazama kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hata tungenunua kimkono kingine..."

"Kingeinama vilevile."

"Na waya?"

"Waya hauna kosa. Tumeutesa bure."

Kijana akafikiri. Akasema kishikio kinaweza kunyooshwa: wakifungue kimkono, wakaze ekseli ya gurudumu jingine kwenye lile tundu, kisha walivute gurudumu lile mpaka lilingane na la baiskeli. Gurudumu kuukuu lilikuwapo, mama alifunikia vifaranga. Wakalichukua.

"Vifaranga vyangu vinyakuliwe na mwewe kwa ajili ya gia?" mama akapiga kelele kutoka ndani, lakini hakutoka kuwazuia.

Wakaikaza ekseli. Sasa hapakuwa na haja ya jicho kali. Magurudumu mawili yalisimama bega kwa bega, na la pembeni lilijibetua kiasi cha kuonekana na mtoto. Hapo ndipo kijana alipouliza lile swali.

"Nani aliyeipinda?"

Dada alikuwa ameshika gurudumu tayari kuvuta. Kishikio kile hupinda pale baiskeli inapoangukia upande wa kulia. Akakumbuka siku mdogo wake alipoiegemeza ukutani na pampu juu yake, ikaporomoka. Akakumbuka, kwa kuchelewa kidogo, siku kreti la mikate lilipoilaza palepale kwenye lango la shule. Huyu ni mwanamke aliyefungua redio, aliyefungua saa, aliyetega rangi ya kucha ili ajue. Jina la mtu lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake. Na shimo la uzio lilikuwa hatua chache kutoka mguuni pake.

Akasema, "Shika fremu."

"Nimeuliza nani—"

"Nimesikia. Shika fremu kwa nguvu, nivute. Ukiilegeza, tunaivunja."

Akashika. Dada akavuta taratibu, wakapima kwa macho, wakavuta tena, mpaka magurudumu mawili yakalingana. Wakakirudisha kimkono, wakaurudisha waya. Dada akazungusha pedali, na mnyororo ukapanda kutoka sahani ndogo mpaka kubwa, ukashuka kutoka kubwa mpaka ndogo, bila kelele. Kabla ya jua kuzama miti ya mkaratusi ilikuwa imeondolewa na mashimo yamefukiwa, na mama alipita katikati ya uwanja na ungo wake, hakuulizwa yuko upande gani.

Naona mnanitazama. Naona hata wewe uliyekuwa unasinzia umesogea mbele. Mnataka kujua ni nani aliyeipinda: ni pampu au ni kreti? Kijana au dada? Hadithi nzima nimewaambia, mashimo, mikate, goti lililochubuka, lakini bado hamjashiba. Mnataka jina.

Ndivyo tulivyo sisi. Tumeona kitu kilichopinda, na fremu iko mikononi mwetu, lakini tunataka jina kwanza. Nyumba ngapi humu zimegawanyika kwa ajili ya jina? Kila mmoja wetu ana nukta yake nyekundu, ushahidi wake wa kweli kabisa, na kila asubuhi anainama kuitazama: amekigusa, nilijua, amekigusa. Tunakazana kurekebisha waya. Tunapunguza maneno hapa, tunaongeza zawadi pale, tunampa mwenzetu sikukuu njema ya kulazimisha. Tunatengeneza upande wetu mpaka unaimba, kisha tunashangaa kwa nini kwa ndugu yetu kunakwaruza. Na hatuzunguki nyuma kutazama, kwa sababu kuzunguka nyuma kunataka mtu wa kukushikia baiskeli, na mtu huyo ndiye yule yule tusiyemsalimia.

Mungu anajua ni nani aliyeipinda. Mwacheni akae na siri hiyo, haimlemei.

Najua mmoja wenu atanifuata mlangoni, anivute kando, aniulize kwa sauti ya chini: ilikuwa nani? Aje tu. Nitamwomba anitajie kwanza jina la ndugu yake ambaye hawasemeshani.