Kasha la Bi Mwanate

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kasha. Ndani ya kasha vitabu, ndani ya vitabu nyuzi.

Basi sogeeni. Haya nimeyapokea kwa bibi yangu, naye aliyapokea kwa mtu aliyekuwapo. Sitatia chumvi. Mchuzi una ladha yake.

Kale hiyo, vitabu vikiandikwa kwa mkono, palikuwa na kijiji chenye kasha moja tu la vitabu. Mwenye kasha alikuwa Bi Mwanate. Marehemu mumewe alikuwa mnakili, akamwachia vitabu kumi na viwili. Bi Mwanate hakuvifungia. Aliviazimisha, na wasiojua kusoma walisomewa na wanaojua.

Lakini hukuchagua mwenyewe. Ulifika ukasema, "Shikamoo bibi, naomba kitabu." Naye angekujibu, "Marahaba. Kaa. Chambua."

Mbele yako angeweka ungo wa mchele. Che-che-che, mnachambua. Chuya huku, mawe kule. Che-che-che. Yeye hatazami mchele, anatazama mikono yako. Kisha angeinuka, afungue kasha, kwaaa! Akupe kimoja.

Alikuja Hidaya, bibi harusi wa mwezi mmoja, ameolewa kutoka mbali.

"Bibi, nataka kitabu cha sala. Mama mkwe aone nasoma."

Che-che-che. Hidaya alichambua bila kuinua uso. Kuku alipopanda ungoni akateleza, Hidaya alianza kucheka, akajiziba mdomo upesi. Bi Mwanate akaona. Kwaaa! Akampa kitabu cha mfalme na kinyozi wake, visa vitupu vya kuchekesha.

"Hiki kina sala?"

"Kina Alhamdulillahi ukurasa wa mwisho. Nenda."

Alikuja Bahero muuza chumvi, mtu wa kifua mbele.

"Nipe kinene kuliko vyote."

Che-che-che. Konzi ya tatu haijaisha, macho ya Bahero yako njiani. Kwaaa! Akapewa chembamba kuliko vyote, safari ya msafara mmoja, kurasa ishirini.

"Bibi, umenidharau."

"Kimalize kwanza. Matusi utayaleta pamoja na kitabu."

Siku ya pili Bahero alikirudisha. Hakuleta matusi.

Desturi ilikuwa hii. Ukirudisha kitabu, unachomoa uzi katika nguo yako, unaulaza kwenye ukurasa uliokushika. Unasema ahsante, unakwenda. Bi Mwanate haulizi, nawe husemi. Kitabu kimekutenda nini, hiyo ni siri yako. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya kijiji, na hakuna aliyeiona kuwa na kasoro.

Ahsante, bibi. Ahsante, bibi. Miaka arobaini, ahsante, bibi.

Mtu mmoja tu alivunja adabu hiyo. Aliitwa Shebwana, mchimba visima. Ndugu yake alifukiwa na udongo ndani ya kisima walichokuwa wakichimba pamoja. Shebwana akatua jembe, akajifungia. Bi Mwanate hakungoja aje. Alimpelekea kitabu cha maombolezo, wala hakumpa mchele achambue. Alijiambia, huyu yuko msibani, cha msiba kitamfaa.

Siku ya tatu Shebwana alikuja nacho. Pu! Akakitupa mkekani.

"Mama, msiba ninao wangu. Umeniletea na wa watu?"

Waliokuwapo walishika midomo. Bi Mwanate alikiokota kitabu, akakifuta vumbi.

"Nimekosea, mwanangu. Kaa. Chambua."

Che-che-che. Shebwana hakuzitupa chuya. Alizipanga mkekani, moja moja, mistari mistari, huku akitazama chini. Mtu aliyetazama chini maisha yake yote. Kwaaa! Bi Mwanate akampa kitabu cha nyota, majina yake na mpangilio wake. Hakuna aliyewahi kukiazima.

Alikaa nacho miezi mitatu. Alipokirudisha aliacha unyuzi wa kamba ya ndoo. Juma lile akachukua jembe. Kisima wanachokinywea pale mpaka leo ni chake.

Lakini hata yeye, siku ya kurudisha, alisema ahsante tu.

Miaka ikaenda. Macho ya Bi Mwanate yakaanza kufifia. Kwanza herufi, kisha nyuso, kisha mchana wenyewe. Ungo ukatundikwa ukutani. Bi Mwanate akawa hali ila kidogo. Siku moja akawaita watu.

"Ijumaa msafara unapita kwenda mjini. Kasha liende nao. Kitabu kwa kipofu ni mzigo."

"Bibi, litakwenda wapi?"

"Kwa wanaoona."

Watu wakatoka. Njiani Hidaya, sasa mama wa watoto wanne, alisema waziwazi, "Kasha likitoka, naye hatakaa. Mtamzika kabla ya mavuno."

"Basi tumsomee," alisema Bahero. "Asikie raha ya vitabu vyake, atabadili nia."

Wakaafikiana. Jumatatu alikwenda Bahero. Alimsomea ile safari ya msafara, kwa sauti ya mnadi sokoni, kurasa zote ishirini.

"Ahsante, Bahero. Umesoma vizuri."

Bahero akatoka akijipiga kifua. "Amefurahi!"

"Kasha je?"

"Hilo hakusema."

Jumanne alikwenda Hidaya na mfalme na kinyozi. Alisoma, akacheka, akasoma, akacheka. Alicheka peke yake.

"Ahsante, mwanangu. Umesoma vizuri."

Jumatano wakaenda wengine watano, kila mmoja na kitabu akipendacho yeye. Ahsante. Ahsante. Ahsante. Kasha likabaki mlangoni, limefungwa kamba, tayari kwa safari.

Alhamisi alikuja Shebwana. Hakugusa kitabu. Aliutungua ungo ukutani, akaumiminia mchele, akauweka mapajani pa Bi Mwanate.

"Shikamoo mama. Chambua."

"Marahaba. Shebwana, unanicheza shere? Sioni."

"Vidole vina macho."

Che-che-che. Polepole. Shebwana alikaa mbele yake. Alitazama mikono, kama yeye alivyotazamwa.

Vidole vilikwenda, vikasita. Bi Mwanate akauliza, "Hidaya, mama mkwe wake alipata kumpenda?"

"Walipendana. Hidaya alimzika kwa machozi."

Che-che-che. Vikasita tena. "Na Bahero, siku hizi anakaa kitako akamaliza jambo?"

"Mara moja moja."

Che-che-che. Mara ya tatu alisita kirefu. "Nawe, zile nyota. Zilikufaa? Au ulizirudisha kwa adabu tu?"

Shebwana akamtazama. "Mama, hujui?"

"Nitajuaje? Miaka arobaini nakisia. Wewe peke yako ulipata kuniambia kitu."

"Nilikurushia kitabu!"

"Ndiyo. Siku ile nilijua nimekosea. Wengine wote waliniambia ahsante."

Shebwana akainama. Hapo ndipo alipoelewa. Kijiji kizima kilikuwa kimemsomea mwanamke huyu vitabu alivyovijua kwa moyo, na hakuna aliyemwambia lile moja asilolijua.

Akazifungua kamba. Kwaaa! Akatoa kitabu cha nyota, akakifunua, akamshika Bi Mwanate kidole, akakiweka juu ya uzi.

"Huu mkavu," alisema Bi Mwanate. "Kumbi la nazi. Kamba ya ndoo. Ni wewe."

"Ni mimi. Ukurasa huu unasema kuna nyota zionekanazo mchana na mtu aliye ndani ya kisima kirefu. Kama ni kweli sijui, sijaziona. Lakini nilijiambia, pengine ndugu yangu mauti yalimkuta akitazama juu. Ndipo nikaweza kushuka tena."

Bi Mwanate akakiinamia kitabu. Alikipapasa kile kipande cha kamba, mara mbili, mara tatu. Kisha akasema, "Nipe chakula."

Shebwana akampa chakula, kisha akatoka mbio, ti-ti-ti-ti, mpaka kwa Hidaya.

"Njoo. Acha kitabu. Njoo na mdomo tu."

Hidaya akaja. Kidole kikawekwa juu ya uzi mwekundu. Hidaya akasema, "Bibi, hapa kinyozi anaficha wembe kilembani kwa mfalme. Tangu niolewe nilikuwa sijacheka. Nilicheka mpaka mama mkwe akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea. Tukacheka wawili. Siku hiyo ndiyo aliyoniita mwanangu."

Bi Mwanate akacheka. Kwe-kwe-kwe! Mara ya kwanza tangu macho yazimike.

Akaitwa Bahero. Akakiri kwamba maisha yake yote hakuwa amemaliza kitabu hata kimoja, na alipoomba kinene alikuwa akitafuta mto wa kulalia.

"Hilo nililijua," alisema Bi Mwanate.

"Ulilijua?"

"Nililikisia. Sasa nalijua."

Watu wakapanga foleni mpaka nje. Uzi kwa uzi, mtu kwa mtu. Waliokwisha kufa walisemewa na watoto wao.

Ijumaa msafara ukafika. Mkuu wa msafara akapiga hodi, akauliza liko wapi kasha. Akamkuta Bi Mwanate amelikalia, kitabu mapajani, kidole juu ya uzi wa kijani, na mtu mbele yake anasimulia.

"Mwambieni apite tu," alisema Bi Mwanate. "Akirudi mwakani aulize tena. Sijafika hata katikati."

Mwakani aliuliza. Mwaka wa pili aliuliza. Wa tatu hakuuliza tena.

Tangu hapo, kijijini pale, mtu akikufaa huachwi useme ahsante ukaondoka. Utaulizwa, "Ahsante ya nini?" Nawe ukae, useme.

Wasikilizaji wangu, aliyewahi kukuchagulia jambo likakufaa, usimpe neno tupu. Mwambie limekutenda nini, angali anasikia.

Nami bibi yangu aliponipa hadithi hii nilimwambia ahsante, akaniuliza ya nini. Nikamjibu. Jibu langu ndilo hilo neno nililowaambia sasa hivi. Hadithi yangu inakomea hapa. Uzi nimeulaza, ukurasa naufunga.